Arvilla na Daraja la Saa Sita

Arvilla Grindle aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja katika mji mdogo wa Maine, kwenye barabara ambazo theluji huzifunika kabla watu hawajamaliza kuchuma matofaa, na katika miaka yote hiyo alichelewa mara mbili tu. Mara ya kwanza sababu ilikuwa dubu. Mara ya pili ilikuwa mume wake, Merton, aliyeegesha gari lake nyuma ya basi akaenda zake na funguo mfukoni. Arvilla akisimulia visa hivyo viwili, humtaja dubu kwa heshima zaidi.

Kwa hiyo mtu anaweza kuelewa kilichomsumbua mwanamke wa aina hiyo alipostaafu. Alipanda boti ya futi ishirini na sita iitwayo Hepzibah, akaanza kwenda kusini kila Oktoba kuikimbia baridi, na kila mwaka, kwa miaka kumi na sita mfululizo, akawa anachelewa mahali pale pale kwa dakika zile zile nne.

Kupanda boti lilikuwa wazo la Merton. Merton alikuwa mpima ardhi, na siku aliyomaliza kupima ardhi yote iliyokuwa ikihitaji kupimwa pale kwao alinunua chombo ili apime maji. Siku ya kwanza Arvilla alitapika kutoka asubuhi hadi saa kumi, kwa utulivu, bila kuachia usukani. Siku ya pili alitapika hadi adhuhuri. Siku ya tatu alisema chombo hiki kinaendeshwa kama basi lenye breki mbovu, na kuanzia hapo usukani haukutoka mikononi mwake. Merton akabaki na ramani. Pembeni ya mlango wa chumba cha chini Arvilla alifunga kwa skrubu kioo kikubwa cha pembeni cha basi, alichopewa na halmashauri ya shule siku ya kumuaga. Wenye boti wengine wote wakitaka kuona nyuma hugeuza shingo. Arvilla hutupia jicho kioo.

Sisi tunaokwenda kusini kila mwaka hatupiti bahari kuu tukiweza kuikwepa. Tunapita njia ya ndani, yaani mito, mifereji na ghuba zilizounganishwa nyuma ya visiwa, na jambo hilo tunaliita kusafiri kwa tanga, ingawa kutoka Virginia hadi Florida injini huzimwa kwa kula na kulala tu. Njia yenyewe katikati ina kina cha kutosha na pembeni ina chaza wenye makali. Kuna madaraja. Mengine ni ya juu na unapita chini yake bila kuaga. Mengine ni ya chini, na lazima yainuliwe, na kila moja lina saa zake.

Huko North Carolina kuna madaraja mawili ya namna hiyo, Gaskin na Purdy. Yote mawili hufunguliwa saa kamili inapogonga, na kati yake kuna maili tano. Aliyepanga ratiba hiyo ama alikuwa na boti ya kasi, ama hakuwa na boti kabisa. Mwenye injini kubwa akitoka Gaskin saa tano hufika Purdy saa tano na nusu, kisha huzunguka majini kama ng'ombe aliyefungwa kambani mpaka saa sita. Hepzibah, kwa mwendo wake wa maili tano na kitu kwa saa, ikitoka Gaskin saa tano hufika Purdy saa sita na dakika nne, inakuta daraja limeshashuka na magari yanapita juu, na yenyewe ndiyo inazunguka mpaka saa saba.

Mtu atasema: ongeza mwendo kidogo. Arvilla alijaribu. Tatizo halikuwa injini, tatizo lilikuwa adabu.

Boti kubwa ikikupita kwa kasi mahali pembamba huacha nyuma yake mawimbi yanayomwaga kahawa, sahani, na wakati mwingine mume. Kwa hiyo tuna utaratibu. Aliye nyuma huita kwenye redio kwa jina la boti, maana kwetu jina la mtu halijulikani. Kama vile kwingine mtu anavyoitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, huku mtu ni Bwana Serenade au Mama Hepzibah hadi siku ya mazishi. Anaomba apite polepole. Aliye mbele anapunguza mwendo mpaka karibu asimame, ili yule wa nyuma naye aweze kupita taratibu bila kutimua maji. Wanapungiana mikono. Jambo zima huchukua kama dakika moja. Asiyefanya hivyo husemwa kutoka Virginia mpaka visiwa vya mwisho vya Florida, na boti yake hutajwa kwa jina.

Sasa, Arvilla akitoka Gaskin wa kwanza, wote walio nyuma yake humpita katika maili ya kwanza, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja yeye husimama kwa adabu. Akitoka wa mwisho hakuna wa kumpita, lakini boti kumi zikishapita mbele yake, saa tano imeshakuwa saa tano na dakika sita. Walijaribu vyote viwili, mwaka huu hivi, mwaka ule vile. Merton, ambaye hutamka neno “takriban” kama wengine wanavyotamka tusi, aliandika hesabu nyuma ya ramani na kuzipigia mstari: haiwezekani.

Mwaka wa kumi na saba ndipo jambo hili lilipoacha kuwa kero, likawa dau.

Tulikuwa wote Virginia, boti themanini hivi, tukiingoja tarehe mosi Novemba, siku ambayo kwa mujibu wa bima zetu vimbunga huacha kazi. Akina Grindle walikuwa wakila maharagwe ya kuokwa, kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na mtu wa Maine hali kitu kingine Jumamosi hata nyumba ikiungua.

“Clifton anasema kiwanja cha jirani yake bado kiko wazi,” Merton alisema.

Clifton ni mdogo wake. Anaishi Florida katika nyumba ya bati yenye kiyoyozi, katika mtaa wenye bwawa la kuogelea la pamoja na sheria za urefu wa nyasi.

“Clifton alisema pia dunia itaisha mwaka elfu mbili,” Arvilla akajibu.

“Goti langu, Arvilla.”

“Goti lako ulikuja nalo. Hukulipatia humu.”

“Nina miaka sabini na sita. Nalala kwenye kitanda chenye upana wa ubao wa kupigia pasi.”

“Na mimi nalala pembeni yako nikikusikiliza ukikilalamikia. Unataka kuiuza boti, mzee, sema unataka kuiuza.”

Merton alitafuna kwanza. “Nataka kuiuza. Tukifika Florida tubandike kibao.”

Arvilla hakupiga kelele. Watu wanaomjua wanasema afadhali angepiga. Alifuta sahani yake kwa mkate, akasema: “Tukipata ufunguzi wa saa sita pale Purdy, boti haiuzwi mpaka mmoja wetu ashindwe kuipanda. Tukiukosa, bandika kibao chako. Nitakushikia nyundo.”

Merton alikuwa hajawahi kuweka dau maishani mwake, hata la karanga. Lakini huyu alikuwa mtu mwenye kumbukumbu za miaka kumi na sita, zote zikielekea upande mmoja.

“Hatuvutwi na mtu,” akasema.

“Hatuvutwi.”

“Na Lupton asikuhurumie.”

“Lupton?” Arvilla alicheka. “Lupton hamhurumii hata mama yake.”

Hilo lilikuwa kweli. Bwana Lupton ndiye mwangalizi wa Daraja la Purdy, na hukaa kwenye kibanda cha vioo juu ya maji. Ana sauti nzito ya watu wa kusini, iliyojaa upole kama asali, na kwa upole huo huo amewaambia watu wa boti sentensi moja kwa muda mrefu kuliko muda ambao wengi wetu tumekuwa na boti: “Kapteni, daraja hili hufunguliwa kwa waliopo, si kwa wanaokuja.”

Wazo lilimjia Arvilla siku nne baadaye, akimenya viazi. Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi yake kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kubishana naye. Taa nyekundu za basi la shule zikiwaka, kwa sheria za kule hakuna gari lipitalo. Mwanasheria alisimama. Mchungaji aliyechelewa ibada yake mwenyewe alisimama. Mkuu wa polisi wa wilaya alisimama, akashusha kioo, akaamkia. Arvilla aliweka kisu chini, akatazama kiazi kwa muda.

“Nini?” Merton akauliza.

“Hakuna,” Arvilla akasema, na akaendelea kumenya, kwa kasi kidogo.

Asubuhi ya siku yenyewe upepo ulikuwa wa kaskazini, baridi na wa kutosha, na boti kumi na moja zilikuwa zikisubiri Gaskin. Hepzibah ilikuwa mbele kabisa, karibu na daraja kiasi kwamba Merton aliweza kusoma nambari za magari. Alidhani ni mwaka wa kutoka wa kwanza tu, kama miaka mingine ya kutoka wa kwanza, na alikuwa amejiandaa kushinda kwa ukarimu. Saa tano kasorobo Arvilla akachukua redio.

“Boti zote zinazosubiri Gaskin, hapa ni Hepzibah. Habari za asubuhi. Leo natoka wa kwanza, na naomba asinipite mtu mpaka Purdy. Asanteni sana.”

Katika njia ya ndani ombi hilo lilikuwa kama mtu kusimama harusini na kuomba wageni wasile. Merton alishika kichwa.

“Hepzibah, hapa ni Serenade.” Huyo alikuwa Gifford Stahl, daktari wa meno mstaafu, mwenye boti ya mita kumi na sita, injini mbili, na vyumba viwili vya kuogea. “Sijakusikia vizuri. Umesema tusikupite?”

“Umenisikia vizuri.”

“Mama, boti yako inakwenda maili ngapi kwa saa?”

“Tano na kitu.”

“Na hicho kitu ni nini?”

“Kitu kidogo.”

“Mama, mimi nikienda maili tano na kitu injini zangu zinasinzia.”

“Daktari, ukinipita, Purdy utafika saa ngapi?”

“Saa tano na nusu. Kabla, hata.”

“Na Purdy inafunguliwa saa ngapi?”

“Saa sita.”

“Hiyo nusu saa utakuwa unafanya nini?”

“Nitazunguka.”

“Basi njoo uzunguke nyuma yangu, kwa mstari ulionyooka.”

Sauti ya mwanamke ikaingia kutoka boti ya nyuma huko: “Hepzibah, sisi tumo. Kila mwaka tunazunguka pale mpaka mume wangu anapata kizunguzungu.” Akaja mwingine, kisha mwingine. Ajabu ni kwamba katika miaka yote hiyo, watu wenye shahada na vyombo vya kupimia kila kitu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejiuliza tunakimbilia nini. Kisha sauti ya mwanamume, ambayo mpaka leo mwenyewe hajajitokeza, ikasema kwa unyonge wa mtoto wa darasa la pili:

“Mwalimu, naomba kwenda chooni.”

“Ulitakiwa kwenda kabla hatujaondoka,” Arvilla akajibu bila hata kufikiri, na kicheko kikasikika kutoka boti hadi boti, bila msaada wa redio.

“Nakwenda chini,” Merton akasema.

“Kufanya nini?”

“Kutokuwepo.”

Akashuka akafunga mlango. Lakini saa yake ya mkononi alikwenda nayo.

Saa tano kamili Gaskin likainuka, na Hepzibah ikapita saa tano na dakika moja, ikifuatwa na boti kumi kwa mstari mmoja. Boti yetu ilikuwa ya saba. Nakumbuka jua, harufu ya matope, na aibu ndogo ya kuwa na injini ya nguvu za farasi themanini ikitumia nane. Arvilla aliinua tanga la mbele, dogo, lililotiwa viraka, likajaa upepo wa kaskazini, na kitu chake kidogo kikawa kitu kikubwa kidogo. Kwenye kioo cha basi aliziona zote kumi, zikiwa zimepangana nyuma yake na kumeta. Amekiri baadaye kwamba mara mbili alinyoosha mkono kutafuta swichi ya taa nyekundu.

Watu kwenye vibaraza vya nyumba za pwani walisimama kutazama. Mmoja alivua kofia. Nadhani alidhani ni mazishi.

“Maili moja!” Arvilla aliita.

“Saa tano na dakika kumi na mbili,” mlango uliofungwa ukajibu.

“Maili mbili na nusu!”

Mlango ulichelewa kidogo. “Saa tano na dakika ishirini na nane.” Halafu, kwa sauti ya mtu anayeongea na penseli: “Haiwezekani.”

“Umesema?”

“Nimesema endelea.”

Serenade, tuseme ukweli, ilijitahidi. Mara mbili Stahl aliita kuuliza kama tungeweza “kukaza mwendo kidogo kwa ajili ya afya ya injini”, na mara mbili Arvilla alimwambia akae kwenye kiti chake. Mara ya pili daktari alisema, “Ndiyo, mama,” akanyamaza, na mke wake baadaye alitusimulia kwamba alikuwa hajawahi kumsikia akitamka maneno hayo mawili pamoja.

Saa tano na dakika hamsini na tatu Purdy ilikuwa inaonekana, kibanda cha vioo kiking'aa juani. Ilibaki nusu maili na kidogo. Kwa hesabu ya mlango, Hepzibah ingefika saa tano na dakika hamsini na tisa. Merton alifungua mlango, akatoa kichwa, akatazama daraja, akatazama saa yake, akatazama tena daraja, kama mtu aliyekuta ukuta wa nyumba yake umehama.

Hapo ndipo boti ya kuvua kaa ilipotoka kwenye kijito cha mkono wa kulia, ikajipenyeza kati ya Hepzibah na Serenade kama mtu anayeingia kwenye foleni ya benki akijifanya anauliza swali. Ilikuwa boti ya kazi, rangi imebanduka, imejaa makasha ya kaa hadi kwenye kiti cha nahodha. Jina lake ni Miss Geneva na mwenyewe anaitwa Rudell, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyezaliwa hapo hapo na asiyeona sababu ya kuondoka.

“Hepzibah, hapa Miss Geneva. Shangazi, naomba kupita.”

Arvilla alikuwa na redio mkononi na hakusema kitu.

“Shangazi? Lori la mnunuzi linaondoka ng'ambo ya daraja saa sita na robo. Na hawa kaa jua limeanza kuwauma, wanaanza kunitazama vibaya.”

Rudell asingeweza kupita kwa nguvu. Chaza walikuwa pande zote mbili. Kumpisha maana yake ni kusimama, na kusimama hapo, mkondo ukiwa umeshaanza kugeuka, maana yake ni kibao Florida. Kutompisha ni rahisi: unanyamaza. Arvilla alimtazama Merton. Merton alikuwa na dau, na alichotakiwa kusema ni neno moja tu, “mpishe,” ambalo lingekuwa adabu na ushindi kwa pamoja. Hakulisema. Akaanza kuchunguza saa yake kana kwamba ameinunua leo.

“Angekuwa mmoja wetu,” Arvilla ametuambia mara nyingi, akimaanisha sisi sote tuliomzunguka na bilauri mikononi, “angekula moshi wangu mpaka Purdy.” Lakini sisi tulikuwa tunasafiri. Yule alikuwa kazini.

“Pita, mwanangu,” akasema, akapunguza mwendo.

Tanga lilianza kupiga makofi. Miss Geneva, nzito kwa kaa, ikapita pembeni taratibu, Rudell akigusa kofia yake. Nyuma mambo yakaharibika kwa mpangilio: Serenade ikarudi nyuma kwa nguvu, iliyoifuata ikageuka ubavu, na ya kwetu ikapanda matope kidogo, jambo ambalo halihusiani na hadithi hii. Hepzibah ilipopata tena mwendo wake, dakika mbili na nusu zilikuwa zimekwenda, na mkondo ukawa unaiwekea mkono kifuani.

Saa sita kamili, Daraja la Purdy likainuka. Chini yake kulikuwa na boti moja tu, Miss Geneva. Hepzibah ilikuwa umbali wa mita mia tatu, na boti moja ya kaa huvuka daraja kwa muda wa kupiga chafya.

“Miss Geneva, pita,” sauti ya asali ikasema.

“Purdy, hapa Hepzibah. Tuko kumi na moja, tunaingia.”

“Nawaona, Kapteni. Siku njema kwenu. Daraja hili hufunguliwa kwa waliopo, si kwa wanaokuja. Tutaonana saa saba.”

Stahl alishindwa kuvumilia. “Mama, ina maana tumekosa sote?”

Miaka kumi na sita Arvilla alikuwa akichelewa peke yake. Leo alikuwa amechelewesha boti kumi ambazo zisingewahi kuchelewa hata zikijaribu. Merton anasema aliona uso wake na akatamani arudi chini.

“Ndiyo, daktari,” akasema. “Kosa ni langu.”

Ndipo redio ikakwaruza tena.

“Purdy, hapa Miss Geneva. Mjomba, injini inakohoa.”

“Inakohoa vipi?”

“Kama babu. Nimesimama kabisa. Niko chini ya daraja lako.”

“Rudell.” Sauti ilibaki ya upole, lakini asali ikawa nzito. “Umepita hapa alfajiri. Injini hiyo haikuwa hata na mafua.”

“Imeshikwa ghafla, mjomba. Hali ya hewa.”

“Rudell, nina magari arobaini hapa juu.”

“Wasalimie.”

Lupton ana sheria nyingi, lakini ya kwanza kati ya zote, ambayo hata yeye hawezi kuivunja, ni kwamba daraja halishushwi juu ya kichwa cha mtu. Kwa hiyo magari yalipiga honi, na Rudell akafunua kifuniko cha injini, akainama, na kwa muda mrefu tukaona makalio yake tu, yakifanya kazi kwa bidii. Hepzibah ilisogea. Mita mia mbili. Mia moja. Merton alikuwa amepanda juu kabisa sasa, goti na yote, ameshika kamba ya mlingoti.

“Vuta tumbo, Arvilla,” akasema.

“Vuta wewe, ndiye mwenye nalo.”

Hepzibah ilipofika mita tano tu nyuma yake, Miss Geneva ilipona. Hepzibah ikawa chini ya daraja. Serenade ikaingia chini ya daraja pua yake ikigusa mkia wa Hepzibah, na aliyefuata naye vivyo hivyo, kwa hiyo kwa dakika saba Lupton hakupata hata upenyo wa kushusha daraja. Kwenye redio hakusema neno kwa wengine. Kwa Arvilla peke yake alisema:

“Hepzibah. Umewahi leo.”

Ng'ambo ya daraja njia inapanuka. Rudell alishaelekea kwenye lori lake. Arvilla alikunywa nusu kikombe cha kahawa ya baridi.

“Haihesabiki,” akasema hatimaye.

“Nini?”

“Tulifika saa sita na dakika tatu. Ni yule mtu na makasha yake ya kaa. Tumevutwa, Merton, ila kamba haikuonekana. Bandika kibao chako.”

Merton alikuwa amekaa na ramani magotini, upande wa nyuma ukiwa juu, na hesabu zake za miaka kumi na sita zilizopigiwa mstari.

“Hepzibah, Hepzibah, hapa ni Serenade,” daktari akaita. “Mama, sasa tunaruhusiwa?”

“Ruksa, daktari. Taratibu.”

Arvilla akapunguza mwendo. Serenade ikapita, Stahl akisimama wima na kupiga saluti kama askari wa gwaride, mke wake akicheka nyuma yake. Akaja wa pili. Arvilla akapunguza tena.

“Ulisimama dakika mbili na nusu,” Merton akasema bila kuinua kichwa.

“Najua nilisimama.”

“Ukiziondoa hizo, ni saa sita na sekunde thelathini. Mkondo peke yake ulikula moja.” Alilamba ncha ya penseli. “Propela hii ni ya inchi kumi na mbili. Ya kumi na tatu, yenye mapanga matatu, mwakani inatupa dakika tatu nzima. Pengine tatu na nusu. Kuna fundi Georgia, tunapita mlangoni kwake.”

Arvilla alitazama kioo. Zilibaki boti nane, zimejipanga, zinasubiri zamu.

“Takriban tatu na nusu?” akauliza.

“Usinitukane,” Merton akasema, akaanza kuandika upya kutoka juu, na Arvilla akapunguza mwendo kumpisha wa tatu.